Jini Lililobisha Hodi

Bwana asifiwe, watu wa Silibwet! Chamgei, akina mama. Chamgei, wazee mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema mkakamue. Leo msitoroke. Akina mama wa ushirika wameniomba nisimame hapa mbele nimwombee Chelangat, huyu binti yetu aliyeolewa juzi, ambaye kesho kutwa anapanda basi kumfuata bwana yake Mombasa. Wameniambia, Mama Chebet, wewe ulikaa kule miaka mingi, unayajua majini ya pwani, mwombee msichana ulinzi. Nimekubali. Lakini kabla sijafumba macho nina ushuhuda, na ushuhuda huu umekaa ndani yangu kama maziwa ndani ya kibuyu. Umeshaiva, sasa lazima umiminwe.

Ndugu zangu, mimi sikuwahi kuota kwamba nitaishi karibu na bahari. Mimi ni mtu wa baridi. Nimekulia ndani ya ukungu huu wenu, nikichuma chai ya mama yangu asubuhi na mapema mpaka vidole vinakufa ganzi, halafu tunarudi jikoni kuota moto hadi nguo zinanuka moshi. Ni Baba Chebet aliyenipeleka kule. Alijifunza kuoka mikate jikoni kwa meneja wa shamba la chai huko Kericho, na Mungu alikuwa amempa mkono mwepesi. Mgeni mmoja wa meneja alikula mkate wake, akaulizia aliyeuoka, na baada ya muda hoteli moja ya watalii Mombasa ikamwita. Akatangulia. Mimi nikabaki hapa na mimba, nikajifungua saa sita mchana, jua likiwa juu ya vichwa vyetu. Ndiyo maana mtoto akaitwa Chebet, yaani aliyezaliwa mchana. Hilo jina mlishike, nitalirudia.

Mtoto alipopata nguvu ya kusafiri, kanisa hili hili likaniaga. Mnakumbuka? Akina mama mlifuma usiku na mchana. Mama Cherono, wewe hapo, usiangalie chini, kofia ile ya sufu ya manjano yenye kamba za kufungia kidevuni ilitoka mkononi mwako. Mwingine akaleta sweta mbili, mwingine soksi ndefu, mwingine blanketi zito lenye maua. Na bibi yangu mzaa mama, Mungu amlaze pema, akanishika mkono akanionya nisimvue mtoto kofia mpaka atakapotembea, kwa sababu utosi wa mtoto ukipigwa na upepo anakwenda.

Baada ya nguo mkanipa maonyo. Ee, maonyo! Mliniambia kule pwani kuna wanawake warembo wenye kwato. Mliniambia paka wa kule wanaongea Kiswahili kunishinda mimi. Mliniambia nikisikia harufu ya ubani nijue majini yanaitwa, nifunge dirisha. Mliniambia chakula cha jirani nisikitie mdomoni hata kama nina njaa ya kuzimia. Mimi nikayafunga maneno hayo yote pamoja na sweta, nikapanda basi.

Tulipanga chumba katika nyumba ya Kiswahili huko upande wa Kisauni. Kwa wale msiojua, ni nyumba ndefu yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma kuna ua wenye kisima na choo cha wapangaji wote. Mwenye nyumba alikuwa mjane mmoja, Bi Zuhura, mama mnene mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili. Alikuwa akikaanga mahamri pale nje alfajiri, na nusu ya mtaa ilikuja kununua kwake.

Siku ya kwanza, kabla sijafungua hata mzigo, mama huyo akaniletea sahani. Ilikuwa nyeupe, yenye ua la bluu pembeni, imejaa mahamri na mbaazi za nazi, zinanukia mpaka mate yakanijaa. Nikamshukuru kwa mdomo. Nilipofunga mlango nikachukua chakula chote nikakimwaga chooni, nikiwa na njaa ya safari ya usiku mzima! Sahani nikaiosha kwa maji moto na chumvi, nikaiombea, nikaenda kuiweka mbele ya mlango wake bila kusema neno. Sikujua kwamba kule pwani sahani ya jirani hairudi tupu. Hata ukiwa huna kitu unaweka ndimu moja, au chumvi kidogo kwenye karatasi. Kurudisha sahani tupu ni kumwambia mtu kwamba ujirani sitaki.

Basi maisha yakaanza, na maisha yangu yalikuwa ni kujifungia. Baba Chebet aliondoka kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kuchoma mikate, na msimu wa watalii ulipopamba moto alilala huko huko hotelini siku kadhaa. Mimi na mtoto tulibaki chumbani. Dirisha la barabarani nililifunga na kulitundikia blanketi. Joto la Mombasa, ndugu zangu, siwezi kuwaeleza ninyi mnaovaa koti mwezi wa pili. Ni joto linalokaa nawe kitandani. Nilitokwa jasho mpaka kanga ikaganda mwilini. Lakini nilikuwa nikisema afadhali jasho kuliko jini. Na Chebet wangu, mtoto wa mchana, nikamlea gizani, na kofia kichwani, na sweta, na soksi. Baba yake alipokuwa akija alisema, huyu mtoto mpunguzie nguo. Nilimjibu kwamba wanaume wanajua nini juu ya watoto.

Na ishara zilikuwepo! Mimi sikuwa nikijitungia. Karibu kila asubuhi, nikiwa nafanya kazi zangu ndani, nilisikia harufu ya ubani inapita chini ya mlango. Nikawa nashangaa, mbona wanaufukiza ukumbini, mbona karibu na mlango wangu tu? Paka mweupe wa Bi Zuhura naye alikuja kukaa kizingitini kwangu, ananiangalia bila kupepesa. Watoto wa wapangaji walikuwa wakicheza ukumbi mzima, lakini wakifika mbele ya chumba changu wanapita mbio, wamejibana ukuta wa pili. Nikienda kisimani wanawake wananyamaza. Nikasema moyoni, Silibwet waliniambia ukweli mtupu. Nikazidi kufunga na kukemea.

Kitu kimoja tu kilinituliza, nacho ni kibuyu changu. Nilikuwa nimekibeba kutoka nyumbani, sotet ya mama yangu, pamoja na mzigo wa vijiti vya mti wa senetwet. Mchuuzi wa maziwa alipita na baiskeli kila siku, na mimi nilikuwa mteja wake mwaminifu. Asubuhi nilikuwa nachoma kijiti kwenye jiko la makaa, nakiingiza kikiwa na moto ndani ya kibuyu, nasugua mpaka mkaa unashika, moshi unajaa chumba, kisha namimina maziwa na kuyaacha yagande. Mursik, ndugu zangu! Nikinywa kikombe kimoja nilikuwa narudi hapa Silibwet kwa dakika chache. Nilikuwa nalia, nafuta machozi, naendelea.

Lakini Chebet akaanza kufifia. Ule mwili wake wa huku kwetu Bomet, mlioubusu ninyi, ukaanza kulegea. Vipele vyekundu vikamjaa shingoni na mgongoni. Akawa hanyonyi vizuri, analia kilio cha chini kisicho na nguvu. Na mimi sikujiuliza kuhusu joto, kwa sababu jibu nilikuwa nalo tangu nitoke hapa. Nilijua kwamba ni jini, na kwamba linamnyonya mwanangu. Nikamwongezea soksi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa ule mwezi ambao jua la kule linaonekana kama lina kisasi na mtu. Baba Chebet yuko hotelini, watalii wamejaa. Mchana, saa ile ile niliyomzaa, nikamwinua Chebet nimnyonyeshe, kichwa kikaanguka nyuma. Mwili ulikuwa wa moto kama chungu. Midomo imekauka. Alifungua macho kidogo, macho hayakunitafuta, akayafunga tena. Hakulia hata kidogo, na kilio chake nilikuwa nimezoea kukichukia, sasa nikakitamani.

Nikafanya nini? Nilifanya kila nilichofundishwa. Nikamfunika na blanketi la maua. Nikakaza dirisha. Nikachukua shuka nikaziba nalo chini ya mlango ubani usipite. Nikasimama katikati ya chumba nikaanza kukemea kwa sauti yote. Nilikemea ile nyumba, nikakemea kisima, nikakemea paka! Halafu nguvu zikaniisha, nikapiga magoti, nikasema sala fupi kuliko zote nilizowahi kusema. Nikasema, Bwana, mimi nimefika mwisho, tuma mtu.

Ndipo mlango ukagongwa.

"Hodi! Mama Chebet, hodi!"

Ilikuwa sauti ya Bi Zuhura. Nikaruka juu. "Shindwa, katika jina la Yesu!"

"Hodi, mwanangu."

"Nimesema shindwa!"

 Halafu yule mama akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayembembeleza ng'ombe mkali, "Sawa, mwanangu, nitashindwa baadaye. Sasa fungua mlango. Mtoto yuafa kwa joto."

Ndugu zangu, kuna wakati Mungu anasema na mtu kwa ngurumo. Mimi alinisemesha kwa swali dogo tu. Niliulizwa ndani yangu, jini gani hili linabisha hodi? Yale majini niliyosimuliwa hapa Silibwet yote yalikuwa yakipita ukutani. Hakuna hata moja lililosimama nje, likaomba ruhusa, likatukanwa, likaomba tena. Nilitazama mlango. Nilimtazama mtoto. Nilikuwa nimemwomba Mungu atume mtu, na mtu amekuja, na mimi namfukuza kwa jina la yule yule aliyemtuma! Nikaondoa shuka. Nikafungua.

Bi Zuhura aliingia, naye alikuwa anatetemeka. Niliona mikono yake. Wakati ule sikujua kwa nini. Akamchukua Chebet kitandani, akafungua blanketi, akakuta shali, akafungua shali, akakuta sweta, chini ya sweta akakuta sweta nyingine. Akaniangalia, machozi yanamlengalenga, akasema, "Mwanangu, huyu ni mtoto ama ni kondoo?"

Akamvua zote. Ile kofia ya manjano ilikuwa imeloa kama iliyotoka kisimani. Akamwambia mpangaji mwingine afungue dirisha, na blanketi la dirishani likashushwa, mwanga ukaingia chumbani kwangu kwa mara ya kwanza. Akatoka na mtoto mpaka uani, akakaa kivulini karibu na kisima, akachovya leso majini, akampangusa taratibu, kichwa, kwapa, mapaja, akachovya tena. Mwanamke mmoja akaleta maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chembe za chumvi, wakamtilia mdomoni kwa kijiko. Wanawake wale wale walionyamaza nikifika kisimani sasa walikuwa wamenizunguka, mmoja anapepea kwa upepeo, mmoja amenishika kiuno nisianguke. Mimi sikukemea tena. Nilisema tu Yesu, Yesu, Yesu, na Bi Zuhura pembeni yangu anasema Ya Rabbi, Ya Rabbi. Sijui mbinguni siku hiyo walizitenganisha vipi zile sauti.

Na Chebet akalia!

Akalia kwa hasira, akapiga miguu, akaukunja uso. Ua mzima ukapiga vigelegele kama arusini. Bi Zuhura akanikabidhi akaniambia nimnyonyeshe, na mtoto akanyonya. Tukampeleka zahanati mchana huo huo, Bi Zuhura mbele anapasua njia, mimi nyuma peku. Daktari alimpima akatukalisha hadi jioni akimpa maji, na aliponiuliza alikuwa amevaa nini, Bi Zuhura akanikanyaga mguu akajibu yeye, akasema mama huyu ametoka bara, bado hajazoea. Daktari aliniambia mtoto amepatwa na joto na upungufu wa maji, na kwamba tumemwahi. Tumemwahi! Neno hilo nimeliimba miaka yote. Hakutaja jini mahali popote.

Sasa mnadhani ushuhuda umekwisha. Bado, wazee, kaeni. Huo ulikuwa wokovu wa Chebet. Wangu ulikuja kesho yake.

Kesho yake Bi Zuhura alikuja kumjulia hali mtoto. Mlango ulikuwa wazi, lakini alisimama kizingitini, akawa haingii. Macho yake yalikuwa kwenye ile kona niliyoweka kibuyu. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine, wamejibana ukuta wa pili, kama watoto wao.

"Mama Chebet," akasema, "nisamehe nikikuuliza. Humo kibuyuni mwakaa nini?"

Nikamwambia ni maziwa. Hakuna aliyeamini. Nikachukua kikombe, nikakitikisa kibuyu, nikamimina mursik mbele yao, nyeusi nyeusi yenye mkaa wake. Mmoja akaanza kurudi nyuma. Nikanywa mimi kwanza. Bi Zuhura akaketi, akajifunga leso, akasema bismillahi, akafumba macho akanywa. Uso ukajikunja kama wa mtoto aliyelambishwa limau. Akameza. Akakaa. Kisha akafungua jicho moja akauliza kama niliyasahau motoni, mbona yameungua.

Halafu akaanza kucheka. Akacheka mpaka akajishika mbavu, na ndipo akanieleza yote. Ndugu zangu, kule pwani kibuyu si chombo cha maziwa. Kibuyu ni chombo cha mganga! Walimwona mwanamke ametoka bara, amebeba kibuyu kama mtoto mchanga. Haongei na mtu. Amerudisha sahani tupu. Dirisha lake halifunguliwi. Ananunua maziwa kila siku, na mume hayupo, na mtoto ananyonya titi, sasa maziwa yananywewa na nani? Na kila asubuhi moshi mweusi wenye harufu wasiyoijua unatoka chini ya mlango wake, na sauti inaguruma, toka, shindwa, toka! Wakakaa wakashauriana, wakakubaliana kwamba mama Bomet analo jini lake kibuyuni, analilisha maziwa. Ndiyo sababu watoto walikatazwa kupita karibu. Ndiyo sababu kila nilipochoma senetwet, Bi Zuhura alichukua chetezo akafukiza ubani mlangoni kwangu, awakinge wapangaji wake na mimi!

Mmeelewa? Mimi nikisikia ubani, nafunga dirisha na kukemea. Wao wakisikia ninakemea, wanaongeza ubani. Tukaishi hivyo miezi. Na yule paka, watu wa Mungu, yule paka alikuwa anataka maziwa.

Nikamuuliza Bi Zuhura, sasa jana ulithubutuje kuja? Kumbe mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa kuniogopa mimi! Akaniambia, "Nalikuogopa sana, mwanangu. Lakini kilio cha mtoto kilipokatika, hofu ikanitoka."

Nililia siku hiyo kuliko siku ya mtoto. Kwa sababu nilikuwa nimekwenda pwani kutafuta jini, nikalitafuta kwenye sahani, nikalitafuta kwa paka, na jini la nyumba ile lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa mimi. Yule mama aliamini kabisa kwamba nyuma ya mlango ule kuna jini, na hata hivyo akabisha hodi kwa ajili ya mtoto asiyekuwa wake. Mimi niliyeimba kwenye kwaya hii tangu utoto sikuwa nimewahi kubisha mlango wake hata kwa chumvi. Biblia inasema pendo lililo kamili huitupa nje hofu. Nilikuwa nimelikariri andiko hilo Shule ya Jumapili nikapewa peremende. Nililielewa katika ukumbi wa Kisauni, kwa mama wa dini nyingine aliyeshika kikombe cha mursik.

Baba Chebet aliporudi kutoka hotelini na mkate chini ya kwapa, aliona dirisha liko wazi, sauti za wanawake zimejaa ndani, na mtoto uchi anacheza juu ya mkeka. Akaomba radhi akatoka. Alidhani ameingia chumba cha watu.

Kuanzia hapo nikaanza kuishi, na nikaishi kule miaka mingi, mpaka watalii walipopungua na hoteli ikapunguza watu, ndipo tukarudi kwenu, kwenye chai yetu. Nataka mjue niliishi vizuri. Asubuhi nilimsaidia Bi Zuhura kukata unga wa mahamri, na yeye alinifundisha kukuna nazi juu ya mbuzi, si mbuzi mnayemfikiria, ni kigoda chenye meno. Jioni tulikaa barazani tukitafuta upepo, tukimenya mbaazi, tukiwasema waliopita. Walinicheka Kiswahili changu, mimi nikawacheka wanavyoita baridi wakati jasho linawatoka. Jumapili, baada ya ibada katika darasa la shule tulilokodi watu wa bara, tulipeleka watoto ufukoni. Hapo tuliwaangalia Wazungu wameanikwa mchangani, wamekuwa wekundu, wamelala wenyewe bila kulazimishwa, na Bi Zuhura alikuwa akisema wale nao watahitaji leso ya maji. Ramadhani niliwasaidia kupika futari. Krismasi walikuja kwetu kula, na Bi Zuhura alikuwa wa kwanza kuuliza mursik iko wapi. Hakuipenda mpaka mwisho. Aliinywa kwa ajili yangu, na mimi nilijua, na yeye alijua kwamba najua.

Na niliwahi kukumbuka nyumbani? Kila mvua iliponyesha. Mgeni ni mgeni tu, hata ukikaa mpaka watoto wako wasahau ukungu. Lakini sikuwa tena mgeni aliyejifungia. Mungu alinitoa kwenye chumba cha giza, akaniketisha barazani, na jina lake lisifiwe!

Sasa nimalize na wewe, Chelangat. Mwanangu, njoo hapa mbele. Nimeona akina mama wamekuletea mizigo. Nimeona sweta za mtoto, maana tunakuangalia na tunajua, hata kama hujatangaza. Akina mama, ni sweta nzuri, Mungu abariki mikono yenu. Zibaki hapa. Atazikuta akija likizo.

Kibuyu chukua. Lakini siku ya kwanza kabisa ukakifungue mbele ya majirani, uwaonyeshe ndani, unywe wakikuona.

Na chukua hiki. Hii ndiyo sahani yenyewe, watu wa Mungu, nyeupe yenye ua la bluu. Siku tulipohama Bi Zuhura alinipa imejaa halua kwa ajili ya njia, na basi likaondoka nikiwa nimeipakata. Imekaa kabatini kwangu tangu siku hiyo, kwa sababu niliapa kwamba hairudi tupu mara ya pili. Chelangat ataifikisha Kisauni. Nimeweka pakiti moja ya majani ya chai yetu, lakini ninyi pia mmembusu Chebet huyu mashavu, na deni ni letu sote, kwa hiyo kila mwenye chai nyumbani alete kesho kabla ya basi. Tuijaze mpaka ifurike.

Nitamwombea sasa, lakini sitaomba Mungu amfungie mlango. Nitaomba ampe ujasiri wa kuufungua. Chelangat, ukifika usikae ndani ukingoja waje. Siku ya kwanza, kabla hujafungua mzigo, wewe ndiwe uende ukabishe hodi. Mtumaini Mungu, huyo uliyefundishwa hapa, kwamba hata huko alikuwa amefika kabla yako. Na ninyi wengine mnaoogopa watu wa ng'ambo ya mto, wa kabila lile, wa kanisa lile, nendeni mkabishe. Kongoi Jehova, kongoi mising, asante sana!

Chebet, simama watu wakuone. Msimcheke, ni yeye. Leo amevaa sweta na kofia ya manjano ya ukubwa wake, na bado anatetemeka, kwa sababu hapa ni Bomet, na huyu ni mtoto wa pwani aliyerudishwa kwetu mzima.